Mafaili Mawili ya Mama Bingwa

Niliwaacha siku ya Jumapili nimekaa sakafuni, kwenye kile chumba kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio, ambacho siku hizi ndicho chumba changu cha ndoa. Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilifikaje humo. Mume wangu aliachishwa kazi, nyumba ikatushinda, tukahamia kwa mama yake kwa muda mfupi tu. Muda mfupi ukaota mizizi. Mama mkwe akaanza kwa kuchukua jiko. Akafuata kitanda changu, akampa wifi. Jumapili hiyo akachukua na laptop yangu ya kazini.

Anayeanza kunisoma leo asihangaike, nitamweleza.

Kazi yangu ni mafaili ya wagonjwa hospitalini. Ya karatasi hayapo tena, yalishaskaniwa yote yakachomwa moto, tukapiga na picha mbele ya moshi tukicheka. Sasa kila kitu kimo ndani ya programu moja, kizee hicho, kigumu kuliko mama mkwe, na mimi ndiye ninayekibembeleza.

Ugonjwa wake mkubwa ni mafaili pacha. Maana watu wetu hawana jina moja. Mwanamke akija mwenyewe kung'oa jino, anaandikisha jina lake la kuzaliwa. Kesho akizidiwa, akaletwa na jirani, jirani hajui jina hilo, anamjua Mama Fulani, basi mapokezi wanaandika Mama Fulani. Tayari mtu mmoja ana mafaili mawili, na moja halina habari za mwenzake.

Mimi huyaunganisha Jumapili, nikiwa nyumbani, wakati hospitali imepoa. Lazima iwe Jumapili, kwa sababu nikishaingia kwenye kuunganisha, programu inajifunga kwa watu wengine wote mpaka nimalize na nitoke kwa adabu.

Jumapili ile nikaamua nianze na mama mkwe mwenyewe. Si kwa ubaya, jamani! Kila akienda hospitali analalamika kwamba anatafutwa kwenye kompyuta haonekani, kama mzimu. Nikasema leo nimfurahishe, labda nitarudishiwa hata godoro.

Nikayaweka mafaili yake mawili upande kwa upande. Sikuwa nimeyafungua bado. Nikasikia pumzi shingoni.

"Hilo jina la nani hapo?"

"Lako, Mama. Huku jina lako la kuzaliwa, huku Mama Bingwa. Nataka niyaweke pamoja yawe moja."

Bingwa ndiye mume wangu. Aliwahi kushinda mbio akiwa shule ya msingi, na mama yake hajaacha kushangilia mpaka leo.

Mama mkwe akabadilika rangi. Nimemwona akikasirika mara nyingi, hiyo ndiyo kazi yake, lakini rangi ile sikuwahi kuiona.

"Nani amekutuma kunichungulia?"

"Sichungulii, Mama, hata sijafu—"

Pa! Akaibamiza ile laptop, akaibeba kwapani, akaingia nayo chumbani kwake. Nikasikia kabati linafungwa. Akatoka anatumbukiza ufunguo kifuani.

"Umbea wako kafanyie kwenu."

Nikapiga magoti. Nikamwambia Mama, programu imebaki wazi, kesho hospitali nzima haitafunguka. Wifi akacheka. Mume wangu akaongeza sauti ya redio.

Ndipo nikasimama mlangoni nikasema yale maneno. Mbele ya mume wangu, mbele ya wifi, mbele ya jirani aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta.

"Mungu akuchukue hata kesho, nami nipumzike!"

Basi kesho ikafika.

*

Nilikuta foleni imetoka mapokezi mpaka getini. Kila kompyuta ya hospitali ilikuwa na kisanduku chekundu katikati: *Mfumo umefungwa na mtumiaji mwingine. Tafadhali subiri.*

Bosi wangu, ambaye wote tunamwita Karani Mkuu, alikuwa ananisubiri mlangoni mwa chumba cha mafaili na tai yake imekaa upande.

"Ni nani huyo mtumiaji mwingine? Nitamla mbichi!"

Nikakaa, nikaangalia kwenye seva, ile kompyuta kuu inayobeba zote, ingawa nilikuwa najua.

"Ni mimi, bosi."

"Basi jitoe!"

"Siwezi. Niko kabatini."

Nikamweleza. Akasikiliza huku anajifuta shingo. Alipofahamu kwamba hospitali nzima imefungiwa kwenye kabati la mwanamke mmoja, akavuta kiti akakaa.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Naweza kulivunja kufuli kutoka hapa hapa kwenye seva. Lakini kuna mafaili pacha yalikuwa katikati ya kuunganishwa. Nikivunja, programu itaniuliza nibakishe lipi. Ninalolichagua linabaki, lingine linafutika. Haina akili ya kubakisha yote mawili, inadhani yanafanana."

"Na nakala ya akiba?"

"Bosi, ile diski ya akiba imejaa tangu mwezi uliopita. Nilikuambia. Ukaniambia nisiwe na haraka."

Akakohoa.

"Hayo mapacha ni ya mgonjwa gani?"

"Mama mkwe wangu."

Jamani, mtu yule alicheka mpaka machozi. "Mama mkwe? Huyo huyo aliyekufungia? Futa yote mawili, mama, tuanze kazi!"

Nami nikacheka. Sitawadanganya, nilicheka kwa raha, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Simu ikalia.

"Mama ameanguka bafuni," alisema mume wangu. "Tumbo limejaa kama ngoma. Tuko njiani tunakuja kwenu."

Nikautoa mkono kwenye kitufe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijamwambia hata mama yangu mzazi. Machela ilipopita mbele yangu, nikamwona mama mkwe amelegea, mdomo mkavu, macho yamegeuka, nilifurahi. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayeonja mchuzi na kurudisha mwiko, lakini nilifurahi. Halafu nikaogopa. Nikakumbuka yule jirani wa nguo alisikia kila neno.

*

"Utumbo umejisokota," alisema daktari wa usingizi. Alikuwa mwanamke mfupi, mgeni hapo hospitalini, anaongea haraka haraka. "Tunampasua sasa hivi. Amewahi kupewa nusukaputi?"

Mume wangu akajitokeza kifua mbele. "Alipasuliwa hapa hapa, aliponizaa mimi. Wakampa dawa ya usingizi, moyo ukasimama. Walimrudisha kwa kudra tu. Wakamwambia dawa ile asiiguse tena maishani."

"Dawa gani?"

"Imeandikwa kwenye faili lake."

Daktari akanigeukia. Mume wangu akanigeukia. Wifi, amekumbatia bunda la nguo za mama yake walizomvua, naye akanigeukia.

"Faili limefungwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Sikieni," akasema daktari, "stoo nina dawa mbili tu. Moja chupa yake ina kifuniko cheupe, nyingine cha bluu. Moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa inatumika hapa zamani, lakini nimeuliza, waliokuwepo wameshastaafu, hakuna anayekumbuka. Sindano ya mgongo siwezi, presha yake imeshuka mno. Nipatieni hilo jina kabla sijamaliza kunawa."

Akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikamshika wifi mkono. "Wifi, ufunguo wa kabati umo kwenye hizo nguo. Nipe. Nikiipata laptop nikafunga kazi vizuri, mafaili yote mawili yanarudi salama."

Akalikumbatia lile bunda kwa nguvu. "Ndiyo ulichokuwa unangoja? Mama yuko kwenye machela, wewe unataka ufunguo wa kabati lake?"

"Wifi, mama atakufa!"

"Si ulishamwombea jana?"

Watu wa kwenye foleni wakageuka. Mama mmoja akamwambia mwenzake, ndiye huyo mkamwana. Sijui walijuaje, lakini walijua.

Mume wangu ndiye aliyemnyang'anya dada yake bunda, akakung'uta nguo moja moja mpaka ufunguo ukalia sakafuni. Akauokota akakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi nilimwona akikimbia kama lile jina lake.

Sisi wawili tukabaki chumba cha mafaili, mimi na wifi, hatutazamani. Simu ya mezani ikawa inalia bila kupumzika.

"Tayari?" Daktari.

"Bado."

"Vunja hilo kufuli, nakuamuru!" Karani Mkuu. "Wagonjwa wanapigana getini!"

"Nikivunja bila kujua, bosi, naweza kufuta lile lenye jina la dawa."

"Na usipovunja nitakufuta wewe!"

"Tayari?" Daktari tena. "Nimeshanawa."

Mlango ukasukumwa. Mume wangu alikuwa ameloa kifua chote, laptop ameishika mbele kwa mikono miwili. Nikamrukia kwa furaha. Halafu nikaona kinachodondoka.

Maji. Maji ya povu.

"Nilifungua kabati nikaikuta kwenye beseni," alisema, hata sauti haikuwa yake. "Ndani ya kabati, kwenye beseni la maji ya sabuni. Imelala humo tangu jana."

Wifi akasema bila kuinua uso, "Mama alisema anaiosha macho. Isimwone tena."

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Nikabonyeza tena. Nikaipindua, yakatoka maji yakaenda mpaka chini ya kiti cha bosi. Imekufa, na iliyokufa haiwezi kutoka kwa adabu.

Imebaki njia ya seva.

*

Nikavunja kufuli. Kisanduku kikaja, kama nilivyowaambia kitakuja. Kushoto jina la mama mkwe la kuzaliwa. Kulia Mama Bingwa. *Chagua faili la kubakisha. Lingine litafutwa.* Hakuna kuchungulia ndani, hakuna kurudi nyuma. Nilijaribu kukikwepa, nikakifunga, kikarudi. Nikazima kila kitu nikawasha upya, kikarudi vilevile, kimenikodolea macho.

"Subirini," nikasema. "Tusibahatishe. Bingwa, nieleze. Mama alipasuliwa lini hasa?"

"Mara ngapi nikwambie? Aliponizaa mimi!"

Kweli, mara ngapi? Lile kovu nilikuwa nalijua kuliko uso wangu. Hakuna ugomvi nyumbani mle ulioisha bila mama mkwe kupandisha nguo na kutuonyesha. "Huyu nilichanwa kwa ajili yake! Nilikufa nikarudi kwa ajili yake! Wewe umemfanyia nini?" Na mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, anainamisha kichwa, anakwenda upande wa mama yake. Kitanda changu kilikwenda kwa kovu lile. Jiko pia.

"Na wewe ndiye wa kwanza," nikasema.

"Mimi ndiye wa kwanza. Wifi yako alinifuata baada ya miaka."

"Basi siku hiyo anakuja hospitali hakuwa Mama Bingwa. Hakuwa mama wa mtu yeyote bado. Waliandika nini mapokezi?"

Akanitazama. Nikaona inamwingia. "Jina lake la kuzaliwa."

"Jina lake la kuzaliwa," nikasema. "Upasuaji uko kushoto."

Sikujidai, lakini nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimelitatua. Nilikuwa naenda kumwokoa yule mwanamke kwa akili yangu mwenyewe, na atazinduka aambiwe ni mimi, na atake asitake atanishukuru.

Wifi akafungua mdomo. Nilimwona kwa pembe ya jicho, mdomo ulifunguka, kidole kimoja kikainuka kutoka kwenye nguo.

"Vipi wifi?"

Akamtazama kaka yake. Akaufumba mdomo.

"Hamna kitu," akasema.

Simu ikalia. "Nimeshika sindano," alisema daktari. "Nipe jina."

Nikachagua la kushoto. Nikabonyeza.

Mama Bingwa akatoweka kwenye kioo. Na papo hapo, nje, nikasikia foleni nzima ikipiga vigelegele, maana kompyuta zote za hospitali zilifunguka kwa pamoja. Karani Mkuu akapiga makofi.

Nikafungua faili la mama mkwe. Jino la nyuma. Presha. Jino la mbele. Mguu uliochubuliwa na baiskeli. Kupimwa miwani. Jino jingine. Nikateremka mpaka chini kabisa, mpaka karatasi ya kwanza kabisa yenye doa la chai.

Hakuna uzazi. Hakuna kisu. Hakuna dawa.

"Endelea kushuka," alisema mume wangu.

"Nimefika chini."

"Haiwezekani. Alinizaa hapa! Tafuta vizuri!"

"Kaka." Wifi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, na zile nguo zimemwagika mapajani. "Kaka, lile kovu ni langu."

"Unasema nini wewe?"

"Mama hakukuzaa. Ulikuja nyumbani unatembea. Ulikuja umeshika mkono wa baba, umevaa viatu. Alikulea, akaitwa Mama Bingwa, na miaka ikapita ndipo akanipata mimi, kwa kisu. Mimi ndiye mimba yake ya kwanza na ya mwisho. Aliniambia nilipojifungua mwanangu, akaniapisha nisikwambie mpaka aingie kaburini."

Karani Mkuu alianza kuondoka taratibu, kama mtu aliyeingia choo cha wanawake kwa makosa.

Mimi nilikuwa natazama pale upande wa kulia wa kioo, ambapo palikuwa peupe. Alikuwa Mama Bingwa tayari. Alipasuliwa akiwa Mama Bingwa. Nimefuta.

"Nimekuuliza," nikamwambia wifi. Nilitaka kupiga kelele lakini sauti ilitoka ya kuomba. "Nimekuuliza vipi wifi, ukasema hamna kitu!"

"Alikuwa ananitazama," akasema, akionyesha kaka yake. "Ningesemaje ananitazama?"

Mume wangu hakulia. Ningeshukuru kama angelia. Alikaa kwenye kiti cha bosi, miguu ndani ya maji ya sabuni, akawa anajipapasa usoni kama anatafuta kitu alichokiweka vibaya.

*

Daktari alikuja mwenyewe. Barakoa imeshuka kidevuni, chupa moja kila mkono.

"Mmenichosha. Jina?"

"Limepotea, daktari," nikasema.

"Limepotea vipi?"

"Nimelifuta."

Alinitazama jinsi watu watakavyonitazama maisha yangu yote. Kisha akaacha kunitazama, hakuwa na muda.

"Basi itabidi nibahatishe. Nisipompasua anakufa kabla ya mchana. Nikimpa isiyo yenyewe anakufa mezani. Sibahatishi roho ya mtu bila ndugu zake kuridhia. Mtoto wake ni nani hapa?"



Mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anajipigapiga kifua kwamba ni mimi, ni mimi, akainua mkono akamwonyesha dada yake. "Huyo. Muulize mtoto wake."

"Kaka, usinifanyie hivyo!"

"Si umesema mwenyewe? Mimi ni mtu wa viatu. Mama ni wako, kovu ni lako, amua."

"Siwezi! Mimi siwezi!" Wifi akajifunika uso kwa nguo ya mama yake.

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Mimi ni mkamwana tu."

Mume wangu akacheka. Kicheko kibaya, naomba nisikisikie tena. "Muulize huyo huyo, daktari. Jana alimwombea kifo, leo amemfutia dawa. Huyo ndiye anayejua anachotaka."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa naokoa. Kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, uongo ulikuwa wa mama yake. Lakini utamwambia nini mtu ambaye ametoka kupoteza mama mzazi na hata msiba hana?

Nesi akatokea nyuma ya daktari, anahema.

"Daktari, mgonjwa amezinduka. Kidogo tu. Anaita mtu."

Wifi akanyanyuka. Mume wangu naye, pamoja na yote yale, akanyanyuka.

"Anamwita mkamwana," alisema nesi. "Anasema yule wa kompyuta. Hataki mwingine."

Nikaenda, daktari nyuma yangu. Njia nzima nilikuwa najiambia kitu kimoja: anajua. Yeye mwenyewe aliambiwa ile dawa. Miaka yote hii atakuwa anakumbuka. Muulize jina tu, akisema hata nusu yake umemwokoa, na umejiokoa.

Alikuwa mdogo kwenye ile meza. Sikuwahi kujua kwamba ni mwanamke mdogo. Aliponiona alitoa mkono kwenye shuka, akanishika kidole.

"Mama," nikasema, "ile dawa..."

"Umelifuta?"

Sauti ilikuwa kama karatasi. Nikainama.

"Lipi, Mama?"

"La Mama Bingwa. Uliloliweka pale. Lina... lina tarehe." Akavuta pumzi. "Bingwa asione. Umelifuta?"

Nikaelewa ile rangi ya Jumapili. Nikaelewa beseni. Hakuogopa mimi kuona presha yake na meno yake. Aliogopa nisome siku aliyozaa kwa mara ya kwanza, nikamwambia mwanawe. Na mimi wala sikuwa nimelifungua.

Ningeweza kumwambia kwamba anajua tayari, kwamba amekaa kwenye maji ya sabuni anajipapasa uso. Maneno yalinijia. Yalikuwa matamu, nayakiri, yangelipa kitanda na jiko na kila kitu.

"Limefutika, Mama," nikasema. "Halipo tena popote."

Akatabasamu. Miaka yote niliyokaa nyumba moja na mwanamke yule sikuwahi kuyaona meno yake yakinifungukia mimi.

"Ahsante, mwanangu."

"Mama, nisikilize. Ile dawa ya zamani, iliyokusimamisha moyo. Walikuambia inaitwaje? Mama, niambie jina lake."

Kidole changu kikaachiwa. Bado alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameshafumba.

"Mama. Mama!"

Daktari akaniwekea mkono begani. Ile chupa ya kifuniko cheupe na ile ya bluu zilikuwa mezani, karibu na kichwa cha mama mkwe, na nesi alikuwa anasubiri na sindano tupu.

"Nimekuona umeongea naye," alisema daktari. "Haraka. Amesemaje?"